Mkwe kakata mawasiliano na wajukuu: kabla hujaenda mahakamani

Mama pole sana. Kama nimekuelewa, mwanao kafariki, mkwe kahama na watoto, simu hapokei, na unauliza ukifungua kesi utaruhusiwa kuwaona. Mimi na mke wangu tumepita humohumo.

Kwanza ondoa kichwani hilo la "ni damu yangu". Wakili wetu alitukatisha mapema tu, akasema hakimu hatapima nyie mnaumia kiasi gani, atauliza mtoto anapoteza nini. Sheria zenyewe hazifanani, Ufaransa kifungu cha 371-4 cha sheria ya kiraia kinampa mtoto haki ya kuwa na uhusiano na babu na bibi zake, yaani mwenye haki ni mtoto, Uingereza kwa kawaida unaomba kwanza ruhusa ya mahakama ndo upeleke maombi yenyewe, Marekani kila jimbo na lake. Na hukohuko Marekani kuna kesi ya Troxel na Granville, Mahakama ya Juu iliiamua mwaka 2000, inafanana kidogo na yako maana baba wa watoto alishafariki na wazazi wake wakadai muda zaidi na wajukuu. Walishindwa. Mama wa watoto hakuwa amewafungia mlango, alipunguza tu siku, na mahakama ikasema mzazi anayefaa huchukuliwa kwamba anaamua kwa faida ya mwanae, jaji asimpindue eti kwa sababu yeye anaona kingine ni bora.

Ndo maana nakuuliza, kakata kabisa au kapunguza? Kama kapunguza shika hichohicho, usimpeleke popote.

Sisi tulikatwa kabisa. Kilichotubeba ni ushahidi kwamba watoto walituzoea kabla ya msiba: meseji za zamani, picha, risiti za ada, na mwalimu aliyekuwa anamwona bibi yao akija kuwachukua. Tuliomba kuwaona, sio kuwalea, hayo ni maombi mawili tofauti kabisa na ukiyachanganya mkwe anajihami. Kwenye usuluhishi ndo akasema wazi, alikuwa anaogopa tutawachukua moja kwa moja, maana ndugu kwenye msiba walishaanza maneno ya mali na ya watoto wa ukoo (ndugu nao!). Hofu yake ilikuwa na msingi. Tukaandikishana kwamba hatutawahamisha, yeye akakubali wikiendi moja kwa mwezi na simu za katikati, wakili akapeleka yale makubaliano mahakamani yakawa amri, kwa sababu makubaliano ya mdomo hufa siku mtu akikasirika.

Halafu steitasi za mafumbo WhatsApp acha kabisa, na ndugu zako waambie hivyohivyo, zile skrinishoti zinafika kwa hakimu. Ukienda kwa wakili muulize mapema kama sheria ya hapo ulipo inamruhusu bibi kuomba moja kwa moja au lazima apate ruhusa kwanza, na kama unaweza kupata amri ya muda ya kuongea nao kwa simu kesi ikiendelea.