Likizo ya kiangazi mpakani Texas: ushauri kwa masista wenzangu mnaosoma Marekani

Tumsifu Yesu Kristo.

Kila mwaka ikikaribia Kwaresima naanza kupokea swali lile lile kutoka kwa masista wetu wanaosoma huku Marekani. Chuo kinafunga Mei, kinafungua mwishoni mwa Agosti, nauli ya kwenda nyumbani haipo, nifanye nini na miezi hii mitatu? Jibu langu halijabadilika tangu mwaka 2019. Tafuta mahali panapohudumia familia zenye shida, kaa hapo mwezi mzima au zaidi, na pokea kazi utakayopewa hata kama haina uhusiano na ulichosomea.

Mimi nilipewa kamba za viatu.

Kituo nilichokwenda mwaka 2019 kiko McAllen, kusini kabisa mwa Texas, karibu na mto unaotenganisha Marekani na Mexico. Kinaendeshwa na Catholic Charities ya Rio Grande Valley, ambayo ni kama Caritas ya jimbo kwetu, chini ya Sista Norma Pimentel wa shirika la Missionaries of Jesus. Kilianza Juni 2014 katika ukumbi wa parokia ya Sacred Heart. Wakati ule familia nyingi kutoka Guatemala, Honduras na El Salvador zilikuwa zikiachiwa na askari wa mpakani na kujikuta kituo cha mabasi, hazijala, hazijaoga, hazijui pa kuelekea. Waamini wakafungua ukumbi.

Nilipokuwa huko, familia ikiingia mlangoni, wote waliomo walisimama na kupiga makofi: "¡Bienvenidos!", yaani "Karibuni!" Siku yangu ya kwanza nilishindwa kujizuia, nikapiga kigelegele kama tunavyompokea askofu akija kwa kipaimara. Mama mmoja akaketi chini pale pale mlangoni akalia. Baada ya hapo ilikuwa supu ya kuku, bafu, nguo safi, simu kwa ndugu, tiketi ya basi. Wengi hawakulala zaidi ya usiku mmoja. Wakiondoka walipewa bahasha kubwa yenye karatasi zao, na juu yake maneno ya Kiingereza yanayomwomba msomaji amsaidie mwenye bahasha, kwa kuwa hajui Kiingereza na anahitaji kuonyeshwa basi la kupanda.

Sasa kamba. Mtu akiwekwa mahabusu mpakani hunyang'anywa kamba za viatu na mkanda, ili asije akajidhuru. Akiachiwa anatoka bila hivyo. Baba anafika anaburuta viatu, mkono mmoja umeshika suruali isianguke, mwingine umeshika mtoto. Kwa hiyo kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda na kisanduku cha kamba mpya, nikawa napitisha tundu kwa tundu, jozi baada ya jozi. Viatu vingine tope limekauka ndani mpaka unaligonga kwa kijiko. Wiki ya kwanza nilinung'unika moyoni, maana nilikuwa nasomea uuguzi na nilitaka kupima watoto joto. Wiki ya pili nilianza kuelewa. Mtu ukimfungia kiatu uko magotini mbele yake, na mtu aliyeamrishwa siku nyingi na watu waliosimama juu yake anaweza kukutazama usoni. Hapo ndipo walipokuwa wakianza kuzungumza nami, kwa Kihispania changu cha maneno arobaini.

Ndiyo maana nasema mwezi mzima. Anayekuja siku tano anaondoka kabla hajajua sabuni zinakaa wapi, na mtu mwingine amepoteza siku mbili kumfundisha.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Ukiwa na viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, kabla hujamwandikia yeyote, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, uwaambie unataka kujitolea bila malipo, wapi na kwa muda gani. Waulize na kuhusu posho, maana hata hela ndogo ya nauli inaweza kuleta maswali. Kisha safiri na pasipoti yenyewe, I-20 yenyewe (fomu ya chuo inayothibitisha kuwa wewe ni mwanafunzi) iliyosainiwa, na I-94 (rekodi ya kuingia kwako nchini) uliyoichapisha. Ukitoka McAllen kwenda kaskazini kwa barabara ya 281, zaidi ya kilomita mia moja kutoka mpakani, kuna kizuizi pale Falfurrias. Kila gari linasimama, kila mtu anaulizwa uraia wake. Uwanja wa ndege nako unaweza kuulizwa. Sista mmoja tuliyesafiri naye alikuwa ameacha pasipoti kabatini konventini, ana kivuli chake tu kwenye simu. Tulikaa pale kando ya barabara juani, rozari nne, hadi walipomthibitisha. Vazi la kitawa halisomeki kwenye mashine yao.

Na ruhusa ya Mama Mkuu iwe ya maandishi. Siyo kwa sababu ya utii peke yake. Wenyeji watakaokupokea ni watawa nao, watataka kujua nani atalipa ukiugua, bima yako ya chuo inafika hadi Agosti au inaishia Mei. Swali la bima liulize mapema, usilifikie ukiwa na homa.

Omba kukaa na jumuiya ya masista, hata kama mna mashirika tofauti na sala zao ni fupi kuliko zako. Mimi nilikaa na masista wazee watatu waliokuwa wakisali masifu ya asubuhi saa kumi na mbili kasoro, halafu kahawa, halafu kazini. Jioni tulikaa dakika ishirini mbele ya Ekaristi bila neno. Bila dakika hizo nisingefika Julai. Unasikia mambo. Kuna usiku nilioga nikatoka nikarudi kuoga tena. Chukua siku moja ya mapumziko kila wiki na uitumie kweli, usiende "kuchungulia tu" kituoni. Joto la huko Julai linapita nyuzi 38, na shela nzito inachosha kuliko unavyodhani.

Usimuulize mtu amepitia nini. Akitaka kusema, sikiliza. Akinyamaza, mpe chai. Na picha acha kabisa, hata ile ya mgongo wa mtoto. Familia nyingi zinamkimbia mtu, na huyo mtu ana simu.

Lugha isikuzuie. Juni ile ya 2019 lilitokea jambo ambalo wengi hawakulitegemea: mamia ya Wakongo na Waangola walivuka mto upande wa miji ya Eagle Pass na Del Rio, wakafika San Antonio. Wengi walikuwa wameruka hadi Ecuador, kisha wakapanda nchi baada ya nchi, wakipita kwa miguu msitu wa Darién, ulio kati ya Colombia na Panama. Mji wa San Antonio ukatangaza kutafuta watu wanaojua Kifaransa na Kilingala. Nilipelekwa huko wiki mbili, saa nne kwa gari. Kilingala sijui. Ila ndani ya kundi walikuwamo watu wa mashariki, wa Uvira na Bukavu, na nilipomsalimu mama mmoja kwa Kiswahili alinishika mikono yote miwili. "Masera, kumbe wewe unasema Kiswahili!" Hakuniachia hadi chakula kilipopoa.

Huyo mama alinionyesha karatasi yake ya mahakama. Tarehe imeandikwa 08/09/2019. Akaniambia kwa utulivu, "Nitaenda tarehe nane mwezi wa tisa." Nikahisi baridi. Marekani mwezi hutangulia: ni tarehe 9 Agosti. Angefika mwezi mzima amechelewa, na asiyefika mahakamani jaji anaweza kuamuru arudishwe hata bila kumwona. Tulichukua kalamu nene tukaandika juu ya bahasha, kwa Kiswahili, tarehe tisa mwezi wa nane, Ijumaa. Kisha nikazunguka ukumbi mzima nikiomba kila aliyetoka kwetu anionyeshe karatasi yake. Sista, ukifika popote palipo na familia za Kiafrika, anza na hilo. Mambo mengine ya kesi waachie wanasheria, usijaribu kutafsiri usichokijua. Lakini tarehe unaijua, na umekulia mahali ambapo siku hutangulia, kwa hiyo unaona kosa ambalo Mmarekani hawezi kuliona.

Hali ya mpakani hubadilika mwaka hadi mwaka. Kuna kiangazi ukumbi unafurika, kuna kiangazi vitanda viko wazi. Kwa hiyo piga simu kwanza, uulize wanahitaji nini mwezi huo, na usikusanye mitumba kabla hujauliza. Nguo za Marekani ni kubwa, na wanaume wengi wa Guatemala ni wembamba. Tulikuwa na rundo la suruali zisizomtosha mtu, na hatukuwa na chupi mpya za watoto hata moja.

Wakikuambia hawahitaji mtu, au huwezi kusafiri, usikae bure. Kuna jambo lilinishangaza nilipolijua: huku shule ikifunga, watoto wa familia maskini wanapoteza chakula cha mchana cha bure walichokuwa wakila shuleni. Serikali ina mpango wa kuwalisha kiangazi, walio na umri wa miaka 18 kushuka chini, na katika miji mingi parokia, maktaba na viwanja vya michezo hutumika kugawia. Wanahitaji mikono. Vikundi vya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo navyo vina stoo za chakula katika parokia nyingi. Muulize paroko wako Jumapili hii.

Anayetaka kwenda mbali aandike barua yake Kwaresima hii. Mama Mkuu atahitaji wiki kadhaa kushauriana na baraza lake, ofisi ya chuo nayo ina foleni, na wale masista wazee watahitaji muda wa kukutafutia kitanda na feni.