Barua kwa binti yangu: deni la baba mdogo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara tatu. Unasema katika Sala ya Bwana mlipofika kwenye "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu," sauti ilikukwama, kanisa zima likaendelea bila wewe, kwa sababu sura ya baba yako mdogo ilikujia. Ukaniuliza: "Mama, kama nilishamsamehe, mbona bado naumia? Au miaka yote hii nimekuwa nikimdanganya Mungu?"

Kuumia si kumdanganya Mungu, binti yangu. Lile neno "deni" ndilo nataka tulishike.

Unalijua daftari langu la pale sokoni Busia, lenye jalada jekundu. Kila anayechukua dagaa kwa mkopo namwandika: jina, mikebe, tarehe. Mwaka jana mama mmoja aliyekuwa akichukua mzigo kwangu alifiwa na mumewe, nikamwambia deni lake limekwisha. Nililipiga mstari kwa kalamu mbele ya macho yake. Ukifungua ukurasa ule leo, chini ya mstari bado unasoma: mikebe 14. Wino haukufutika. Ila simdai tena, na akiniona njiani hakwepi.

Sasa soma tena Mathayo 18, ule mfano wa mtumwa asiyesamehe. Wahubiri wengi hukimbilia zile talanta 10,000 alizosamehewa na mfalme, na kweli ni deni lisilolipika, maana talanta moja ilikuwa karibu mshahara wa kibarua wa miaka 20. Lakini tazama deni la yule mtumwa mwenzake: dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa. Hizo ni siku 100 za kuinama shambani! Yesu hakusema mtumwa yule alikuwa hadai kitu. Alikuwa anadai kitu kikubwa. Hata wewe usiende mbele za Mungu ukisema "si neno, yamepita," kama yangali yanakuuma. Baba yako akiwa kitandani hospitalini, ndugu yake aliuza kile kipande cha shamba chenye miembe. Karo yako ilikuwa itoke pale. Ulikaa nyumbani mihula miwili ukinisaidia kuanika dagaa huku wenzako wakipita na sare. Mwambie Mungu hivyo hivyo, kwa majina na kwa hesabu. Huwezi kusamehe deni usilolitaja.

Mimi nilianza hivyo. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kupakia magunia, napiga magoti kando ya kitanda. Wiki za kwanza jina lake halikutoka kinywani, nilisema tu "yule." Baadaye nikaweza kusema, "Bwana, shemeji yangu alichukua, na mimi namwachia." Nikisimama, hasira bado ninayo. Kesho yake narudia. Petro alipoambiwa asamehe saba mara sabini, mimi naamini si makosa mapya peke yake yaliyohesabiwa pale, maana kosa moja huweza kukurudia asubuhi 490. Kilichonisaidia zaidi ni kumwombea jambo lake mahususi. Mguu wake ulikuwa umevimba, nikawa nauombea ule mguu. Ni vigumu kumchukia mtu ambaye kila alfajiri unamwombea apone mguu.

Bibi yako alikuwa Mlokole, Mkristo wa uamsho, na ndiye aliyenisimulia habari za Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa na utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977, Kivengere alikimbia na mkewe wakavuka milima usiku hadi Rwanda. Alikuwa na uchungu na Amin, na nani angemlaumu? Siku ya Ijumaa Kuu akiwa kanisani London, yakasomwa maneno ya msalabani: "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Akaona kwamba sala ile ilimhusu Amin pia, na kwamba uchungu ulikuwa unamla yeye mwenyewe. Mwaka huo huo akatoa kitabu akisema wazi kwamba anampenda Amin. Lakini hakuacha kuyataja mauaji, wala hakurudi Uganda hadi Amin alipoangushwa mwaka 1979. Ndiyo maana hata mimi, pamoja na kusali kote, nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, tukaandikishana mipaka ya shamba lililobaki. Shemeji aliweka sahihi. Kumsamehe si kumpa jembe achimbe tena.

Sasa nifike kwenye langu, ambalo limeninyima usingizi tangu Jumapili.

Siku ya mazishi ya baba yako ulikuwa na miaka 16. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa chini ya hema, na mimi niliona aibu ukoo wetu uonekane umegawanyika. Nikaushika mkono wako nikautia mkononi mwa baba mdogo, nikakuambia, "Sema umemsamehe." Ukasema. Watu wakashangilia. Mkono wako ulikuwa baridi, nauhisi mpaka leo.

Nililipiga mstari deni ambalo halikuwa langu. Lilikuwa lako, nami sikukuuliza. Usemapo "nilishamsamehe," yale ni maneno yangu niliyokutia kinywani, na Mungu anajua hukuwahi kupewa nafasi ya kuyasema mwenyewe. Nimetubu kwake. Lakini Mathayo 5 inaniambia niiache sadaka yangu mbele ya madhabahu, niende kwanza nipatane na ndugu yangu, na ndugu mwenyewe ni wewe. Nisamehe, mwanangu. Usinijibu leo. Kama itakuchukua alfajiri nyingi, chukua.

Baba yako mdogo alipita hapa juzi, anatembelea fimbo siku hizi. Aliuliza kama Krismasi utakuja, na kama utakubali kumsalimu. Nilimwambia hilo akuulize mwenyewe, nami sitampa namba yako mpaka wewe uniambie.

Mama yako