Mshtarii inaonekana kama ukungu: ninunue lenzi kali zaidi?

SWALI: Nimenunua darubini yenye kipenyo cha milimita 70. Boksi limeandikwa inakuza mara 525. Nikitazama sayari ya Mshtarii (Jupita) kutoka uani naona doa la ukungu linalokimbia. Muuzaji wa Arusha anasema niongeze lenzi kali zaidi. Ni kweli?
Baba Neema, Majengo, Moshi

JIBU: Baba Neema, hela hiyo kaa nayo. Darubini yako haina shida, ila boksi limekudanganya, na si wewe peke yako.

Nguvu ya darubini ni upana wa kioo cha mbele, maana ndicho kinachokusanya mwanga. Ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya milimita za kipenyo. Kwa yako ni 140, tena hewa iwe imetulia kabisa. Hiyo 525 wameipataje? Fokasi (umbali kutoka kioo cha mbele hadi mwanga unapokutana) ya milimita 700 gawanya kwa lenzi ya jicho ya milimita 4, unapata 175, kisha zidisha kwa lenzi ya Barlow, ile ya nyongeza inayozidisha ukuzaji, ya mara tatu. Hesabu ni sahihi, picha ndiyo haipo. Mwanga uleule mdogo unatandazwa mpaka unafifia, kama chai inayoongezwa maji kila mgeni akiingia. Mtikisiko wa hewa nao unakuzwa, na dunia inavyozunguka, sayari inakutoroka kabla hujakaza skrubu.

Weka lenzi ya milimita 20, upate mara 35. Hutaamini, lakini hapo Mshtarii haipishani sana kwa upana na mwezi mpevu unaouona kwa macho. Mwaka 1610 Galileo aliona miezi yake minne kwa ukuzaji wa mara 20 hivi. Usitazame juu ya bati la jirani: jioni bado linatoa joto la mchana. Na kijitabu kikikuambia uelekeze kwenye Nyota ya Kaskazini, puuza. Kwa Moshi imezama chini ya upeo wa macho.

Linaloniudhi zaidi ni kile kioo cheusi cha kutazamia jua ambacho wauzaji hao hao hukitia boksini, cha kufunga kwenye lenzi ya jicho. Ukikikuta, kivunje leo. Pale mwanga wa jua umeshakusanywa; kinaweza kupasuka jicho likiwa papo hapo, na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huungua bila kuuma. Filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, miwani ya jua, vyote hapana, hata akikushauri fundi unayemwamini. Kichujio cha jua hufunika mdomo wa mbele wa darubini, na kiwe kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Kama huna, mchana darubini ikae kabatini, hasa watoto wakiwa likizo.