Sayansi, shusha!

Januari ya mwaka juzi nesi alinifunga mkanda wa kupimia presha, akasoma 148 kwa 94, akapima tena. "Dada, hii ipo juu. Rudi baada ya wiki mbili." Nilitoka pale nimeshaamua kubadilisha kila kitu kwa mkupuo. Nikalipia gym ya miezi 3. Nikaacha ugali, wali, chapati na sukari.

Nilidumu siku 9.

Usiku wa siku ya 10 nilifika nyumbani foleni imenichosha. Watoto wanakula ugali na dagaa wa nazi, mimi na kabichi yangu kwenye kisufuria cha pembeni. Nikaiacha, nikanawa mikono, nikala nao. Ndipo nilipoelewa kwamba nilitaka kula peke yangu katika nyumba inayopika chungu kimoja. Hakuna anayedumu hivyo, hata awe na moyo kiasi gani.

Basi nikaanza na chungu chenyewe. Tulihama kutoka sembe kwenda dona, ambayo haikukobolewa, ina nyuzinyuzi zaidi na inakaa tumboni. Watoto walinuna, kwa hiyo mwezi mzima nilichanganya nusu kwa nusu. Mboga sasa inapakuliwa kwanza, matembele au mchicha unajaza nusu ya sahani, ndipo ugali unafuata. Mafuta napima kwa kijiko, simimini tena kutoka kwenye dumu.

Chumvi ndiyo iliyonitesa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Mimi nilikuwa natia chumvi sufuriani, naongeza viungo vya mchuzi vya pakiti ambavyo navyo vina chumvi, halafu nakoleza kachumbari mezani. Pakiti nimeziacha. Ndimu, kitunguu saumu na pilipili vinatosha kabisa, na mume wangu hakugundua mpaka nilipomwambia. Sukari ya chai niliipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki 3, maana ulimi unazoea ukipewa muda.

Gym sikurudi. Ilitaka nauli, nguo za kubadili na saa nzima nisiyokuwa nayo. Nilichokuwa nacho kila siku ni safari ya kurudi kutoka kazini, basi nikaanza kushuka daladala kituo cha Sayansi badala ya Mwenge. Kutoka hapo hadi kwangu ni kama dakika 30 za mwendo wa haraka, ule wa kuhema kidogo huku bado unaweza kuongea. Siku 5 za kazi zinanipa dakika 150, kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa wiki. Mwanzoni nilijishawishi kila jioni. Siku hizi mdomo unasema wenyewe, "Sayansi, shusha!"

Kilichonisaidia zaidi ni kuipangia siku mbaya mapema. Mvua ikinyesha, napanda na kushuka ngazi za ofisini kwa dakika 10 kabla ya kutoka. Ni kidogo, lakini kesho yake sianzi upya.

Kama umeshaandikiwa dawa za presha, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Hilo zungumza na daktari wako. Mimi mwezi uliopita nilisoma 131 kwa 83. Masika yanakaribia, na raba za akiba nimeshaziweka chini ya meza ya ofisini.