Fosfeti ya Weng'an ilitoka wapi?

SWALI: Miamba ya fosfeti ya Weng'an, China, ina visukuku vya kale mno. Fosfeti hiyo ilijikusanyaje? Ni kama ya Minjingu, Tanzania?

JIBU: Hapana. Ya Minjingu ilitokana na kinyesi cha ndege wa ziwani. Ya Weng'an, mkoani Guizhou, ni ya baharini, katika miamba ya Doushantuo yenye umri wa miaka milioni 635 hadi 551.

Mwani uliokufa ulizama na kuoza kwenye tope, ukaachia fosforasi. Kutu ya chuma nayo iliibeba fosforasi kutoka majini. Ilipofika kwenye tope lisilo na oksijeni, ikayeyuka na kuiachia. Maji yaliyonaswa topeni yakakolea hadi apatiti, madini yenye fosfeti, yakaganda. Kisha mawimbi yakapepeta: tope jepesi likaenda, punje nzito zikabaki. Bila kupepetwa huko tungepata madoadoa tu, si tabaka la kuchimbwa.

Apatiti iliwahi kuganda kabla seli hazijaoza. Ndiyo maana visukuku hivyo, vimpira vya takriban nusu milimita, bado vinaonyesha seli mbili, nne, nane, jambo la ajabu kweli. Kuvitoa, jiwe la dolomiti (aina ya mwamba wa kaboneti) lililovishika hulowekwa katika asidi ya siki iliyozimuliwa. Asidi kali ya hidrokloriki haifai, huila apatiti yenyewe. Kama vimpira hivyo ni viinitete (mimba changa) vya wanyama, wataalamu bado wanabishana.