Uliza Ujibiwe: P2, unyago, shule baada ya kujifungua, na kiti cha jimbo

Barua za safari hii zimetoka kwa wasichana na kwa wazazi wao, Tanzania na Kenya. Wanaojibu ni muuguzi wa uzazi wa mpango, mwalimu na mwanasheria.

Nina miaka 19, niko chuo. Mwenzangu hataki kondomu, kwa hiyo nameza P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, wiki nyingine hata mara mbili. Rafiki zangu wananitisha kwamba nitakuwa tasa. Dukani wananiuzia tu, hawanielezi chochote. (Msomaji, Ubungo, Dar es Salaam)

Binti yetu, la utasa liondoe moyoni. P2 haiharibu kizazi. Tatizo ni kwamba kinga ya dharura umeifanya ya kila siku, na kwa matumizi hayo itakuangusha.

P2 ni homoni ya levonojestreli, jumla miligramu 1.5. Pakiti nyingine ina kidonge kimoja, nyingine viwili vya miligramu 0.75. Vikiwa viwili, vimeze kwa pamoja. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Kama yai limeshatoka, P2 haina la kufanya. Kama mimba imeshatunga, haiitoi wala haiidhuru. Ndiyo maana tunasisitiza saa: meza mapema uwezavyo, kabla ya saa 72 kupita tangu tendo, maana kila saa unayochelewa unaipunguzia nguvu. Ukitapika ndani ya saa 2, meza dozi nyingine. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU au baadhi ya dawa za kifafa amwambie mhudumu, kwa sababu dawa hizo huichosha P2 na huenda akahitaji dozi mara mbili.

Wengi hukosea hapa: mtu anameza leo, keshokutwa anakutana tena bila kinga akidhani bado amelindwa. Hajalindwa. Yai limeahirishwa tu, nalo laweza kutoka siku chache mbele, na hapo ndipo mimba nyingi za "nilimeza P2" zinapoingia. Hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa. Ikichelewa zaidi ya siku 7, au zikitimia wiki 3 tangu tendo hujaiona, pima mkojo.

Kwa maisha yako ya sasa, kituo cha afya cha serikali kina njia bora, na uzazi wa mpango huko ni bure. Kijiti kimoja cha Implanon hukaa mkononi miaka 3, vile viwili vya Jadelle miaka 5. Sindano huchomwa kila baada ya miezi 3. Kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 na zaidi, hakina homoni, na kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo kinashinda hata P2 kwa kuzuia mimba. Vijiti na sindano huvuruga hedhi, hasa miezi ya mwanzo: matone yasiyo na mpangilio, au damu kukata kabisa. Hiyo si damu chafu inayojikusanya tumboni. Ukuta wa mji wa mimba unakuwa mwembamba, basi hakuna cha kutoka. Mhudumu asipokueleza hili kabla, utarudi mwezi wa pili ukidai kitolewe, na haki ya kukitoa siku yoyote unayo. Ukiacha sindano, fahamu kwamba uzazi huchukua miezi kadhaa kurudi. Ruhusa ya mume au mchumba haihitajiki, na mhudumu anayeidai anakosea.

Kuhusu mwenzako: hakuna hata njia moja kati ya hizo inayozuia VVU wala kaswende. Kondomu ndiyo inayozuia. Ukihisi umeshaingia hatarini, dawa za PEP, za kuzuia VVU visishike mwilini, huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28 mfululizo. Vijana watetezi wa haki za wanawake hupigania njia hizi zipatikane, na wakati huo huo hukataa mzigo wote ubebwe na mwili wa msichana huku mvulana akichagua tu asichokipenda. Sisi tuko upande wao.

Mwanangu ana miaka 10. Nasikia wanaharakati wanataka watoto wafundishwe mambo ya ngono. Sisi tulivunja ungo, tukakabidhiwa kwa somo, tukafundwa. Haraka ya nini? (Mama, Tanga)

Mama, unyago tunauheshimu. Bibi Kidude wa Unguja, mwimbaji wa taarabu, alijulikana dunia nzima, na nyumbani alikuwa pia mwalimu wa mwari. Unyago ulikuwa na kitu ambacho shule nyingi hazina: mtu mzima mmoja anayeaminika, asiye mama mzazi, aliyetengewa kazi ya kujibu maswali ya msichana. Tungependa kila binti awe naye.

Ila una mapengo mawili. La kwanza ni wakati: mafunzo huja baada ya kuvunja ungo, na wapo wanaovunja ungo wakiwa na miaka 9 au 10. Anaona damu chooni shuleni, anadhani ameumia. La pili ni yale yanayofundwa: mengi humwandaa kwa ajili ya mume, machache humwambia afanye nini akishikwa na mjomba au mwalimu. Vijana mnaowasikia wanataka mapengo haya yazibwe. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 kuhusu elimu ya ujinsia hupanga masomo kwa umri, na tafiti zilizokusanywa humo zinaonyesha kuwa elimu hii haiwafanyi vijana waanze ngono mapema.

Kwa miaka 10 anza na haya. Mtajie sehemu za mwili kwa majina yake. Mtoto asiyejua kusema uke hawezi kueleza palipoguswa. Mwambie siri ya mtu mzima inayohusu mwili wake haitunzwi, inaletwa kwako. Mwonyeshe pedi kabla hajaihitaji, na kwamba hubadilishwa kila saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Kama anatumia kitambaa, kilowekwe kwanza katika maji baridi kwa sababu ya moto hugandisha damu, kifuliwe kwa sabuni, kianikwe juani. Aibu ndiyo inayowafanya wengi wakifiche chini ya godoro, kikabaki na unyevu na kuwaletea fangasi. Mwambie pia kwamba miaka miwili ya mwanzo hedhi yaweza kuruka, hata siku 45 kati ya moja na nyingine.

Akikua, mrekebishe ile hesabu potofu ya siku za hatari. Wengi huhesabu siku 14 baada ya damu kukatika. Yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi *ijayo*, na mbegu za mwanamume huishi ndani hadi siku 5. Kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32, siku za hatari ni ya 8 hadi ya 19, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu. Kuna hata shanga zilizotengenezwa kwa hesabu hiyo, kila ushanga siku moja, unasogeza kipete. Mwenye mzunguko usiotulia, kama wasichana wengi wadogo, asiitegemee.

Binti yangu aliacha kidato cha pili kwa ujauzito. Mtoto sasa ana miezi 9. Mkuu wa shule anazungushazungusha maneno. (Baba, Kahama)

Mzee wetu, asikuzungushe. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa ujauzito kurudi katika shule ya mfumo rasmi. Ila muda una ukomo wa miaka 2 tangu aache, na miezi 9 ya mtoto pamoja na ujauzito imeshakula mwingi. Andika barua wiki hii, taja waraka kwa namba yake, ambatanisha nakala ya cheti cha mtoto na matokeo ya mwisho ya binti, na nakala nyingine mpelekee afisa elimu sekondari wa halmashauri. Omba shule nyingine kama anaogopa kuchekwa. Kisha kaeni nyumbani mpange nani atabaki na mtoto saa za masomo, kwa sababu wengi wanaorudi huacha tena kwa jambo hilo hilo.

Na kama kuna mchumba anayebisha hodi: kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30, tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 23, 2019, ikiipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka huo ulipita bila marekebisho, na hasira ya vijana juu ya hilo ni halali.

Je, katiba yetu Kenya inakataza kutoa mimba moja kwa moja? Jirani alitokwa na damu siku mbili, akaogopa kwenda hospitali asishtakiwe. (Msomaji, Likoni, Mombasa)

Ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 inakataza, kisha inataja hali zinazoruhusiwa: mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Na Ibara ya 43(2) inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kuharibika kwa mimba si kosa. Dalili za kutosubiri hata asubuhi: kulowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo, homa, usaha au harufu mbaya, maumivu makali, kizunguzungu cha kuzimia. Vijana watetezi hawaafikiani wote juu ya kubadilisha sheria ya kutoa mimba, lakini hili la mtu kufa kwa kuogopa wodi tunaona halina pande mbili.

Nina miaka 23 na ninataka siasa. Wazee wa chama wananiambia nisubiri viti maalum. Nisubiri? (Msomaji, Ifakara)

Usisubiri. Umri wa kugombea ubunge Tanzania ni 21, kwa hiyo umeshatimiza. Viti maalum, vile vya wanawake, vina faida yake: bila hivyo Bunge lingekuwa la wanaume karibu lote. Lakini jina lako hutoka kwenye orodha ya chama, na chama hupata viti hivyo kikifikisha angalau asilimia 5 ya kura za ubunge, hivyo unayemwogopa ni mpanga orodha kuliko mpiga kura. Waziri Mkuu, kwa Katiba, lazima awe mbunge wa jimbo. Kenya nako kanuni ya theluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, iko kwenye katiba tangu 2010, na mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais alivunje Bunge kwa kutoitekeleza. Bunge halikuvunjwa.

Anzia kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18, na sheria inautaka kila miezi 3. Nenda na kalamu, omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na muhtasari wa mkutano uliopita. Ukifanya hivyo mikutano minne, watakufahamu kwa kazi. Wakati huo huo sajili kikundi: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kwa wasomaji wa Kenya mnaolalamika kwamba vijiti vimeisha zahanati, kalenda ya kaunti ndiyo silaha. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Wengi huja Juni, meza imeshafutwa. Maoni yenu yawe ya maandishi, kwa karani wa bunge la kaunti na mwakilishi wadi. "Tunataka afya bora" haina pa kuandikwa kwenye bajeti. Andikeni jina la zahanati, idadi ya vijiti na sindano kwa robo mwaka, muuguzi mmoja aliyefunzwa kuhudumia vijana, na saa za huduma baada ya masomo. Ipelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo.