Usitoke kwa daktari na "vipimo safi" tu

Jumapili usiku nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa dada mmoja wa Morogoro. Dakika nne, na karibu nusu yake ni kilio. Anaanguka mara mbili tatu kwa wiki. Kapigwa picha ya kichwa, kapimwa umeme wa ubongo, kisha daktari akamwambia mama yake, na yeye amekaa palepale: "Mwanao hana kitu, vipimo vyote safi." Nyumbani sasa anaonekana mwigizaji, na chuo kimesimama. Aliniuliza jambo moja tu: "Dada, kama sina kitu, mbona naanguka?"

Mdogo wangu, swali hilo nimelilia miaka minne, kabla sijajua kuwa ninaanguka kweli ila si kwa kifafa, na kwamba kuanguka kwangu kuna jina: degedege la kiutendaji.

Nilianza kuanguka nikiwa na miaka 22, Tanga, mwezi wa tatu wa kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa kaunta, nakata tiketi. Sauti za watu zikawa zinakwenda mbali, vidole vikafa ganzi, halafu sikumbuki. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, nimefunikwa khanga ya mtu nisiyemjua, mdomoni nina kijiko. Jino langu la mbele lina ufa mpaka leo, na ufa huo haukuletwa na ugonjwa, uliletwa na kijiko. (Hata kwenye kifafa chenyewe mtu hatiwi kitu mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, angalia saa.)

Nikaambiwa ni kifafa. Nikapewa dawa za kifafa, fenobabitali, baadaye kabamazepini, na kila nilipoanguka dozi ikapandishwa. Nikawa nasinzia mchana kutwa, na kuanguka kuko palepale. Wazee wakasema ni mashetani. Nikanyweshwa kombe, nikafukizwa. Hayo siyasimulii, wengi wetu tumeyapitia.

Ninalolisimulia ni usiku mmoja wodini. Nilikuwa natetemeka, macho yamefumba, lakini nasikia kila neno. Muuguzi akanikandamiza kifuani kwa vifundo vya vidole, akasema, "Amka, acha maigizo, kuna wagonjwa hapa." Nilitaka kumjibu na mdomo haukunitii. Miaka imepita, na nikipita barabara ya hospitali ile mkono bado unakwenda kifuani wenyewe.

Aliyenitoa hapo ni daktari wa mishipa ya fahamu, Dar es Salaam, na video aliyonirekodi mdogo wangu wa kiume kwa simu. Daktari aliitazama mara tatu, akaisimamisha usoni kwangu. "Unaona macho? Yamefumba. Mtu wa kifafa akitikisika mwili mzima, kwa kawaida macho huwa wazi." Akanionyesha kichwa kinavyokwenda kulia na kushoto kama mtu anayekataa jambo. Akanionyesha mtikisiko unavyopungua, unakaribia kukoma, kisha unaanza upya, na mashavu yalivyolowa machozi. Video ilikuwa ya dakika tisa. Mtikisiko mwingi wa kifafa huisha ndani ya dakika mbili au tatu.

Lakini hakuishia hapo, na ndiyo sababu namheshimu. Alisema dalili moja haitoshi. Nikalazwa, nikafungwa nyaya kichwani, kamera imenielekea. Siku ya pili nikaanguka, na mawimbi ya ubongo yakaendelea bila alama ya kifafa. Nilipozinduka akaniambia, "Binti, unaanguka kweli. Huigizi. Ila si kifafa, na kina jina."

Jina lenyewe limebadilika sana, na kila jina limewatendea wagonjwa kivyake. Zamani iliitwa histeria, kutokana na neno la Kigiriki la mfuko wa uzazi, kana kwamba ni maradhi ya wanawake tu. Karne ya 19, huko Paris, daktari Charcot aliwaonyesha wagonjwa wake wa hospitali ya Salpêtrière mbele ya umati, wakianguka watu wanatazama. Baadaye madaktari wakasema "degedege la uongo". Fikiria mtu aandikiwe neno hilo kwenye faili! Muuguzi wangu hakulitoa hewani lile neno "maigizo". Likafuata jina lenye maana ya degedege litokanalo na nafsi. Sasa wengi wanasema degedege la kiutendaji: ubongo hauna kovu wala uvimbe unaolileta, ila utendaji wake unavurugika kwa muda, na mwili unakwenda bila amri yako. Wengine hutumia jina lenye maana ya fahamu kujitenga na mwili, na mimi hilo ndilo linalonigusa, maana ndivyo ninavyohisi hasa.

Na wasikulazimishe kutafuta kidonda cha moyoni. Mimi niliulizwa mpaka nikachoka: umeachwa? ulibakwa? una deni? Wapo wenye vidonda vizito, na wasikilizwe. Lakini mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 2013 uliondoa sharti la kupata chanzo cha msongo kabla ya kulitaja tatizo. Linatambuliwa kwa dalili zake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, "vipimo safi" si jibu. Kipimo cha umeme wa ubongo kilichofanywa siku hukuanguka kinaweza kuwa safi hata kwa mwenye kifafa. Rudi ukaulize: ninaumwa nini, kinaitwaje, umekijuaje? Uliza jina. Ukijibiwa kwa hasira, uliza tena kwa adabu, na mama awepo asikie. Na kama unameza dawa za kifafa usiziache mwenyewe hata siku moja. Wapo wenye yote mawili, na kuacha ghafla kunaweza kuua. Mimi nilipunguziwa taratibu, chini ya daktari.

Tiba yangu ilikuwa kuelezwa vizuri, kisha mazungumzo na mwanasaikolojia. Nisikudanganye kuhusu mazungumzo: Uingereza waliyapima kwa watu 368, matokeo yakatoka 2020, na baada ya mwaka idadi ya kuanguka haikupishana kwa uhakika na ya wale waliopata huduma ya kawaida tu. Lakini maisha ya kila siku ya waliopata mazungumzo yalikuwa nafuu zaidi. Kwangu nilijifunza kuijua ile ganzi ya vidole. Ikija navua viatu, nakanyaga sakafu ya saruji, nataja kwa sauti vitu vitano ninavyoviona. Sasa ni miezi 14 sijaanguka, na wiki iliyopita nimerudi kaunta, nakata tiketi.

Chuo hujakikosa, umekisimamisha. Leo mwambie mtu wa nyumbani ajiandae na simu akurekodi video. Ukianguka aanze na uso, macho yaonekane, kisha mwili wote, asikate mpaka uzinduke. Na kijiko wasikitie.